Saa Arobaini za Moyo wa Shule

Hebu nijibu bila kuzungukazunguka: mapenzi ya mtu kwa shule yake yanapimwa kwa kilo, kwa mita au kwa saa?

Kama hujui, usione haya. Sufian naye hakujua, na ana miaka kumi na saba. Jibu alilipata siku shule ya kulipia anayosoma hapa Guangzhou, China, ilipofungwa kwa likizo ndefu ya kiangazi. Kila mwanafunzi alipewa fomu. Juu iliandikwa "Likizo Njema". Chini yake iliandikwa kwamba atakayerudi bila saa arobaini za moyo wa shule, yaani za kuonyesha mapenzi kwa shule yake, zenye picha au muhuri, hataruhusiwa kucheza mechi ya Agosti, ile ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho dhidi ya wanaowafuata.

Sufian hakutaka kitu kingine mwaka huo ila mechi hiyo. Alikuwa winga wa kushoto, mwepesi kama karatasi, na mwaka jana aliikosa kwa sababu ya kazi za mama yake. Mama huyo, Bimdogo wa Unguja, hununua vitambaa vya mapazia na kuvisafirisha nyumbani. Hajawahi kumwona mwanawe akicheza. Safari hii aliapa kuacha kazi siku nzima akamtazame. Mwakani Sufian atakuwa ameshamaliza shule.

Basi likizo ikaenda. Kila asubuhi Sufian aliwachukua wateja wa mama yake kwenye hoteli za Xiaobei, akawapeleka soko la vitambaa la Zhongda, akawa mdomo wao.

"Anasema ukichukua roli ishirini atapunguza."

"Mwambie ishirini nitalalia?"

"Anasema wewe shangazi una roho ngumu."

Siku moja alishinda hospitali akimtafsiria mama wa Kikongo aliyevimba mguu. Jioni aliwafundisha watoto wa jengo lao hesabu, bure, kwa vitabu vya shule yake. Fomu ikabaki nyeupe.

Rafiki yake Wekesa, Mkenya wa Bungoma, alikuwa na saa mia moja na kumi na mbili.

"Umezitoa wapi?" Sufian akamuuliza.

"Kambi ya uongozi, buda. Siku tano."

"Siku tano ni saa mia na ishirini, na usiku mmelala."

"Tulilala na fulana za shule. Picha ziko."

"Na hizo nane?"

"Walizikata. Tulipooga hatukuvaa fulana."

Siku ya mwisho ya kurudisha fomu ilikuwa Ijumaa. Sufian alimpelekea Mwalimu Protas kurasa mbili za maelezo ya kweli tupu. Protas, mtu wa Bukoba, msomi na mpole, alikuwa Mratibu wa Moyo wa Shule. Ofisi yake ilikuwa na kiyoyozi kikali na mabango saba ya neno "Pamoja". Yeye alikaa humo peke yake.

"Hospitali," akasoma. "Ulivaa fulana ya shule?"

"Hapana, mwalimu."

"Bendera ulibeba?"

"Wodini, mwalimu?"

Protas akamrudishia karatasi zake. "Huo ni wema tu, kijana wangu. Wema hauna fomu. Una muda mpaka saa kumi."

Bimdogo aliposikia hakupandisha sauti. Miaka kumi na mmoja ya kusafirisha mizigo ilimfundisha kwamba katika mji huu karatasi isiyo na muhuri mwekundu wa duara ni ya kufungia sambusa. Akaichukua fomu mpaka duka la mapazia analonunua kila wiki. Laoban, yaani mwenye duka, mama mmoja asiye na maneno mengi, aliuliza swali moja tu: nakala ngapi? Akaandika saa arobaini, akagonga muhuri.

"Mama, hii si kampuni ya mapazia?" Sufian akasema.

"Kwani wewe hukubeba mapazia?"

"Nimebeba."

"Muda gani?"

"Wiki saba."

"Basi wamekupunja."

Saa tisa na nusu Protas alikuwa akiuzungushia kidole muhuri ule, taratibu, kama anayepapasa hariri.

"Sasa hii ndiyo taasisi."

"Mwalimu, hilo ni duka la mapazia."

"Sufian, usinichoshe. Muhuri ni muhuri." Na jina likaingia kwenye orodha ya wachezaji.

Kesho yake asubuhi, kwenye kiwanja kilichokodiwa kuanzia saa mbili hadi saa nne, Bimdogo alikuwa amekaa mbele kabisa na mwavuli na chupa ya chai. Ikapandishwa bendera. Ukaimbwa wimbo wa shule. Ukaimbwa tena, maana kamera haikuwa imewashwa. Mkurugenzi wa shule akahutubia kuhusu thamani ya jasho, yeye akiwa kivulini. Wekesa akapewa cheti cha Moyo Bora. Protas akasoma jumla ya saa za shule nzima, darasa kwa darasa, na kila darasa likapigiwa makofi yake.

Ilipotimu saa nne, mlinzi wa kiwanja akapuliza filimbi. Mafundi wa kampuni moja ya lifti, waliokodi zamu iliyofuata, wakaingia na mpira wao. Protas akawapanga haraka manahodha wawili, wakashika kombe pamoja, wakapigwa picha. Mechi ikahesabiwa imefana. Sufian alikuwa hajagusa mpira.

Fundi mmoja mwenye mvi akawahesabu wenzake, akageukia vijana, akainua kidole kimoja. Walipungukiwa na mtu. Sufian akamtazama mama yake.

"Mimi nimeacha kazi nije kutazama mpira," Bimdogo akasema. "Hotuba nyumbani zipo. Nenda kacheze."

Sufian akavua fulana ya shule, akavaa ya rangi ya chungwa aliyorushiwa, yenye picha ya lifti mgongoni. Protas akaja mbio na kalamu mkononi.

"Sufian, saa hizo hazitahesabika."

Sufian alikuwa ameshafika upande wa kushoto, anaomba pasi kwa Kichina. Nje ya mstari Bimdogo alikuwa amesimama, mwavuli umeanguka, anamvuta Wekesa mkono na kumuuliza lango letu ni lipi.