Kura Tulizopiga Kwenye Matanga ya Mama

Rais wa jumuiya yetu hana jeshi, hana wimbo wa taifa, hana hata ofisi. Kazi yake ni maiti. Mkongomani akifia Johannesburg, rais ndiye anayekwenda chumba cha maiti, ndiye anayebishana na wenye karatasi, ndiye anayesimama mbele ya waombolezaji na kutoa maneno ya kwanza. Siku nyingine zote hana kazi, utamwona harusini tu, akila.

Ndiyo maana uchaguzi wake tuliutilia maanani kuliko ule wa nchi yetu, ambao kila mwaka tuliambiwa unakuja na kila mwaka haukuja. Na mwaka huo wa 2017 sisi watu wa mashariki tulikuwa na donge letu. Uchaguzi uliopita tulisimamisha wagombea kibao, kura zikatawanyika, akapita bwana mmoja wa Kinshasa. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake alilia kwa Kilingala. Wajane wa Uvira na Bukavu walikaa wakimtazama tu anavyolia, hawajui amefika sehemu gani, wala waitikie wapi. Tukaapa kwamba safari hii tutachujana kwanza sisi kwa sisi, tubaki na mgombea mmoja, ndipo twende kupambana na wa magharibi.

Kwenye mchujo walibaki wawili. Wa kwanza alikuwa mchungaji mwenye kanisa kwenye ghala la zamani kule Hillbrow, mtu wa sauti ambaye kipaza sauti kwake kilikuwa pambo. Wa pili alikuwa mhasibu wa kampuni moja ya Sandton, mkimya, shati limenyooka, gari lake akiliegesha mbele ya spaza, kiduka cha mtaani, na kumwomba mwenye duka alitupie jicho.

Mimi nilikuwa na saluni ya kusuka nywele chini ya ghorofa tunaloishi, Berea, kwa hiyo kampeni yote ilipita vidoleni mwangu. Mtu anayesukwa hana pa kwenda, lazima aongee. Nilisubiri nisikie hoja. Sikusikia hata moja. Mteja mmoja alisema hawezi kumpa kura mhasibu kwa sababu alimwona kwenye ubatizo akila bugali kwa uma.

"Mutu anakula bugali na fourchette," alisema, "atanizika na nini?"

Mwingine alikuwa na wasiwasi na saa ya mkononi ya mhasibu, kubwa mno. Alisema mtu wa saa kama ile ataitazama katikati ya mazishi. Wa tatu alimpenda mchungaji lakini viatu vyake vyeupe vilimkera, maana makaburini kuna matope. Walibishana juu ya viatu vile nywele zikaisha, wakalipa, wakaendelea kubishana mlangoni. Nilikuwa nacheka, lakini moyoni nilikasirika. Nilikuwa na sababu yangu.

Sababu yenyewe ilikuwa mama. Mama aliishi nami ghorofa ya nne. Lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa kabla hatujahamia, na miguu yake ilikuwa imevimba kwa sukari, hivyo alikuwa hajashuka chini tangu baridi ianze. Alikuwa na ombi moja tu duniani: akifa, arudishwe Uvira, alazwe kando ya baba. Baba nilimwahidi hilo mwenyewe, kabla hajafa. Sasa kumsafirisha maiti kutoka Afrika Kusini hadi Uvira, mipaka yote ile, si jambo la msusi. Ni jambo la rais. Wengine walikuwa wanachagua mtu. Mama alikuwa anachagua gari la kumrudisha kwake.

Kwa hiyo akaagiza wagombea wapande juu, mmoja mmoja, awapime.

Mchungaji alikuja wa kwanza, Jumamosi mchana. Alipanda ngazi zote akihema, akapewa chai, akaanza kuomba kura kwa Maandiko. Mama akainua mkono.

"Papa mchungaji, ile yote niliisikia ku radio," alisema. "Weye unililie. Nisikie."

Mchungaji akanitazama. Mimi nikatazama ukuta. Nilimjua mama, nilijua hapo hakuna kupita.

"Nilie aje, mama? Uko muzima."

"Fanya nimekufa."

Mama akajilaza, akafunga macho, akavuta blanketi mpaka kidevuni. Mchungaji akaweka kikombe chini, akakohoa, akaanza polepole kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Halafu kilio kikamnogea. Alimwita mama mlima, akamwita kisima, akauliza kifo kimepita mlango gani. Alipofika "Uvira, fungua mikono yako", hata mimi nilishika shavu.

Jambo ambalo sote tulilisahau ni dirisha la jikoni. Katikati ya jengo letu kuna uwazi unaoshuka kutoka paa hadi uani, madirisha ya jikoni zote yanatazamana humo, na ukipiga chafya ghorofa ya nne, ghorofa ya kwanza wanakuambia pole.

Na watu wetu wakisikia kilio hawaulizi. Kuuliza nani amekufa kabla hujafika ni kama kuchagua utakwenda au hutakwenda, na ni aibu. Unabeba sufuria, unabeba mkeka, unafunga kitenge kiunoni, utauliza ukifika. Mchungaji hajamaliza hata kutaja shemeji zangu, nikasikia ndara ngazini. Mlango ukafunguliwa, wakaingia wanawake na masufuria ya wali na sombe, yale majani ya muhogo ya kutwangwa, wengine wameshaanza kulia tangu ghorofa ya pili. Mama akafungua macho, akaketi.

Aliyekuwa mbele akapiga yowe, akaketi sakafuni na sufuria yake.

"Siyakufa bado," mama akasema. "Karibuni. Iko nini mule ndani?"

Ungedhani wangecheka, waombe radhi, warudi kwao. Haiwezekani. Kwetu chakula kilichobebwa kwenda matangani hakirudi nyumbani. Ukikirudisha umemwonyesha mauti njia ya kwako. Lazima kiliwe pale pale, na hakiliwi bila watu kuketi na kuomboleza. Wazee wakashauriana koridoni. Wakaamua matanga yafanyike, yaishe, kila mtu aende salama. Maiti atasamehewa kwa kuwa hai.

Nyumba yangu ni chumba kimoja na jiko. Ikabidi tuhamie uani. Wanaume wanne wakamketisha mama kwenye kiti cha plastiki, wakambeba kwenda chini, na waliokuwa kwenye ngazi wakajibanza ukutani na kuvua kofia kwa mazoea. Mama alikuwa akipunga mkono. Uani aliwekwa mahali pa heshima, pale ambapo kwa kawaida angekuwa amelazwa. Mzulu anayetunza jengo alikuja ameinamisha kichwa, amekunja mikono kwa rambirambi, akamkuta marehemu anachambua samaki.

"Hawu, gogo!" alisema, yaani loo, bibi, akaomba kiti.

Habari ikafika Hillbrow, ikafika Yeoville. Kila aliyeingia alilia, akashtuka, akapakuliwa. Na kwa kuwa wapiga kura wote walikuwa wamekusanyika bila kukodi ukumbi, wazee wakasema, si tumalize na mchujo hapa hapa?

Mchungaji akarudia kilio chake mbele ya umma, neno kwa neno. Alipofika kwenye sifa za sombe ya mama, mama akamkatiza.

"Sombe yangu ilikuwa na chumvi mingi. Sema ukweli, niko nasikia."

Umati ukapiga makofi. Waliomchukia kwa viatu wakamsamehe pale pale. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti kwamba kama atapata kilio kama kile, yeye yuko tayari hata kesho.

Ndipo akaingia mhasibu. Alipigiwa simu akiwa Sandton, akaja mbio na shada kubwa la maua meupe, limefungwa kwa karatasi ya kung'aa. Alinikabidhi kwa mikono miwili, akaniambia pole, halafu akamwona mama. Watu wakamwangukia kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alielezwa mambo yalivyo, akaitwa naye aombe kura, akasimama pale na saa yake. 

"Mama," alisema, "tukikufikisha Uvira, nipigie nani simu? Nani atapokea sanduku?"

 Uani kote zikaanza kelele: roho mbaya, hana adabu, ndiyo hao wa fourchette. Mimi ningekuwa na kijiko cha kupakulia karibu ningemrushia. Lakini nilikuwa namtazama mama. Alikuwa ameacha kula. Niliona anahesabu kimoyomoyo. Kaka zake wawili wamekufa. Dada yake alipelekwa Australia pamoja na wakimbizi wenzake. Nyumba yetu kando ya ziwa wanakaa watu tusiowajua. Mama akaomba maji.

Tulipiga kura kwa kupanga mstari. Mstari wa mchungaji ulizunguka ua mpaka kwenye mapipa ya taka. Nyuma ya mhasibu alisimama mke wake, na mzee mmoja aliyedhani huo ndio mstari wa chakula. Mama naye aliagiza abebwe na kiti chake mpaka kwa mchungaji. Nilimwinamia nikamuuliza kwa nini, maana niliona lile swali lilivyomchoma.

"Huyu analia muzuri," alisema. "Ule mwingine anajua kuuliza tu."

Kumrudisha juu ilikuwa kazi. Kwenye kona ya ghorofa ya pili wabebaji walimweka chini wapumue. Mama akanishika mkono, akautazama ua uliojaa watu wanaokunja mikeka.

"Unizike hapa," akasema.

"Mama, acha. Nilimwahidi baba."

"Baba yako ataelewa. Kule nani atabeba kiti?"

Nililia pale ngazini, kilio cha kweli, na wanaume wale wanne wakageuka upande kwa heshima. Sikumlilia mama. Nililia kwa hasira. Nilimkasirikia mhasibu, na vita, na ziwa lile lenyewe, na nilijua hakuna hata mmoja wao aliyekuwa pale kwenye ngazi nimkaripie.

Mchungaji aliwashinda wa magharibi kwa kura tele, akawa rais.

Mama alikufa kweli mwaka 2019, katikati ya baridi, asubuhi, mkono wake uko mkononi mwangu. Na ili mjue Mungu naye ana mizaha, ulikuwa tena msimu wa mchujo, na kila mtu alisubiri matanga ya mzaha kama yale ya kwanza. Rais alikuwa anatetea kiti. Nilimpigia simu, nikamwambia mama amefariki.

"Ndiyo, dada, nimeelewa," alisema kwa uchangamfu. "Tunaanza saa ngapi?"

Nikarudia. Akasema sawa, sharp, atavaa suti, na je, wapinzani wake nao wamealikwa? Nikakata simu.

Nililia dirishani jikoni na sauti yangu ikashuka ule uwazi wote. Nilisikia madirisha yakifunguka. Nikasikia mwanamke wa ghorofa ya tatu akicheka, akamwambia mwenzake, "Eish, kampeni imeanza."  Mama aliacha kaburi la mume wake kwa sababu ya watu hawa.

Nilishuka uani nikapanga viti peke yangu. Mtu wa kwanza kuja alikuwa mhasibu. Hakugombea tena tangu siku ile. Alivua koti, akanisaidia viti, na safari hii hakuuliza lolote. Tukaketi wawili na viti vyote vile vitupu.

Kisha rais akaingia kwa viatu vyake vyeupe, na kutoka getini akaanza. Mlima. Kisima. Kifo kimepita mlango gani. Watu wakajaa kwenye madirisha na vikombe vya chai, wengine wakimtangulia maneno, maana walishayakariri. Alikuja moja kwa moja kwangu amenyoosha mikono, akafika "Uvira, fungua", akaniona uso.

Alisimama.  Alitafuta neno linalofuata, neno alilolisema mbele ya umma mara ngapi sijui, akalikosa. Akamtazama mhasibu, mhasibu akaitikia kwa kichwa kumthibitishia. Rais wa jumuiya yetu akaketi chini kwenye saruji na suti yake, akafunika uso, asitoe hata sauti.

Juu madirishani kicheko kilikatika. Hakuna aliyewahi kumsikia mtu yule akinyamaza. Kimya kile kilikaa, kikakaa, mpaka nikasikia mlango mmoja umefunguliwa, na mwingine, halafu ndara nyingi, na masufuria yakigongana ngazini.