Makarai Mawili ya Penina

Mimi ndiye mwandishi wa mikutano ya kijiji chetu, kando ya barabara ya kwenda Mtera, na nakiri kwamba nusu ya daftari langu imejaa maswali ya mtu mmoja. Penina Matonya ni mjane wa miaka arobaini na saba, mkulima wa uwele, na ana mbuzi wanne waliosalia baada ya ukame kuwamaliza wenzao. Akinyoosha mkono mkutanoni, mwenyekiti huangalia saa. Mimi hufungua ukurasa mpya, maana sijui atauliza nini na natamani kujua.

Mwaka huu alikuja kijana wa shirika moja, Ludovick, mtu wa Bukoba mwenye heshima zake. Alitueleza kwamba dunia inazidi kupata joto kwa sababu ya hewa ukaa. Kilima chetu kikifungwa miaka thelathini, bila kuchunga wala kukata kuni, miti itaifyonza hewa hiyo, na kampuni moja ya ng'ambo itaandikiwa kwamba imepunguza moshi wake. Kila mtu duniani achangie sawa, alisema. Kura ingepigwa kesho yake.

Penina akanyanyuka. "Mwanangu Ludovick, hiyo kampuni yenyewe itazima mashine ngapi?"

Ludovick akapekua makaratasi. "Kwa sasa hakuna, mama. Itaendelea kama kawaida, ila ninyi mtakuwa mmeipunguzia."

"Na mbuzi wangu Oktoba watakula wapi?"

Hilo halikuwemo kwenye makaratasi. Penina akaketi, uso umemshuka. Malisho ya kilimani ndiyo yaliyowaokoa wale wanne, na ni yeye aliyetufundisha kuacha visiki vichipuke badala ya kuving'oa. Kumfungia miti aliyoilea mwenyewe kulinikera hata mimi, ambaye kazi yangu ni kuandika tu.

Asubuhi Ludovick alitufuata korongoni aone tunavyopata maji. Kiangazi tunachimba kisima mchangani, na kukikucha tunakuta mchanga umeporomoka na kukifukia. Utaratibu wetu ni mwepesi: kabla mifugo haijanywa, mwenye mifugo anatoa karai moja la mchanga kwa kila ng'ombe, au kwa kila mbuzi wawili. Penina akatoa yake mawili, akapangusa mikono. Nyuma yake Mzee Stanley, mwenye ng'ombe tisini, ndiyo kwanza alikuwa anakunja suruali.

Ludovick, kwa wema wake, akavua viatu. "Tugawane sawa jamani! Kila mtu makarai kumi, tumalize haraka!"

Korongo zima likaangua kicheko. Mzee Stanley alicheka kuliko wote, mpaka karai likamtoka mkononi. "We kijana, huyu mama achimbe maji ya ng'ombe wangu? Nitapita wapi hapa kijijini?"

Penina hakucheka. Alikuwa anamtazama Ludovick kwa udadisi uleule wa mkutanoni. "Mwanangu, na huko ng'ambo, mwenye kundi kubwa hana aibu kama ya Mzee Stanley?"

 Ludovick akachukua sepetu, akaanza kumsaidia mzee. Nilimwonea huruma, kwa kweli.

Mchana tulipokutana kupiga kura, Penina alinigeukia mimi. "Mwandishi, andika. Visiki vyangu nitaendelea kuvitunza, maana na mimi napika kwa kuni, na moshi wangu naujua. Hayo ndiyo makarai yangu mawili. Ila kilima sikifungi kwa ajili ya mtu ambaye hajagusa sepetu."

Mikono ya kukataa iliinuka mpaka nyuma kabisa, na wa Mzee Stanley ulikuwa juu kuliko yote.

Jioni Ludovick alikuja kuomba nakala ya muhtasari, awapelekee wale wa kampuni. Nikamuuliza ataandika nini penye sababu ya kukataa. Alifikiri kidogo, akaandika palepale mbele yangu: "Wanauliza ng'ombe wenu ni wangapi, na mmetoa makarai mangapi."

Hiyo ni miezi saba sasa. Mbuzi wa Penina wamefika sita, na kila akinikuta njiani ananiuliza kama jibu limekuja.