Sukari ya Mama

Watu wakimsifu marehemu baba mbele yangu, bado damu inanichemka. "Balozi yule hakujipendelea," wanasema. Kweli, hakujipendelea. Aliyelipia wema wake alikuwa mama.

Tulikaa Mkuyuni, miaka ile ya foleni. Sukari ilikuja kwa mgawo, na baba, akiwa balozi wa nyumba kumi, ndiye aliyeigawa. Mshahara wake wa ukarani uliishia kwenye unga na kodi. Mengine yote yalitoka kwenye karai la maandazi la mama.

Mama hakutuhubiria habari za pesa. Alitukabidhi. Kaka yangu alishika pesa ya mafuta ya taa; akiichezea tunakaa gizani, na yeye ndiye anayetueleza kwa nini. Mimi nilishika ya biashara. Faida niliitia kwenye kopo la maziwa, na mtaji ukabaki mtaji.

"Mtaji haulambwi," mama alisema. "Ukiulamba leo, kesho utalamba kidole."

Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, faida ya kopo lile ikawa yangu. Sanduku la bati tulishanunua. Vilibaki blanketi na viatu, na shule ilitaka kila kitu kikamilike. Mama alipiga hesabu, akaona sukari ya mgawo mmoja, ikiingia kwenye maandazi, itamaliza kazi.

Gunia likaja. Baba akawapimia watu barazani kwetu. Sisi tulikuwa wa mwisho, maana kwake balozi hali kabla ya watu wake. Fungu letu mama alikuwa ameshalilipia kama majirani wengine, kwa pesa ya maandazi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemtolea. Lilipobaki hilo tu, akatokea mwanamke aliyehamia karibuni kutoka Magu. Hakuwa amelipa wala kuhesabiwa. Baba akammiminia lote.

"Baba, hiyo ni yetu!" nikasema, watu wakisikia.

"Nyamaza. Mtoto wa balozi hagombei sukari."

Angeweza kumpa nusu. Lakini nusu haisifiwi.

Walipoondoka, akamwambia mama, "Mgawo ujao mtapata."

"Mgawo ujao mwanao atakuwa shule, au atakuwa hapa na mimi?"

Baba akalikunja gunia tupu. Kununua kwa walanguzi alishatukataza, eti balozi ataaibika. Mama akauza doti yake ya kitenge, ile ya kanisani, akaninunulia blanketi. Viatu havikupatikana. Nilienda shule na ndala, nikachekwa, nikaadhibiwa. Na mama akawa anabaki nyumbani kila Jumapili, akisema mgongo unamsumbua. Baba alienda kanisani peke yake, shati limepigwa pasi. Pasi aliipiga mama.

Msibani kwa baba, yule mwanamke wa Magu alisimama, mzee sasa, akasema balozi alimpa sukari aliyoitoa kinywani mwake. Watu wakatikisa vichwa. Wengine wakalia. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani ubavuni kwa mama, nikainuka ili niseme. Mama akanishika mkono, akanirudisha chini.

"Acha," akasema.

Nikaacha, nimeuma meno. Akautazama mkeka. Kisha akanong'ona, nami peke yangu nikasikia: "Nilikuwa nimeilipia."