Chumba cha Muhula Mmoja

Kuna neno nisilopenda kulisikia hadi leo, nalo ni sampuli. Wengine wakilisikia hufikiria maabara na mkojo. Mimi hufikiria chumba kimoja cha duka huko kwetu, kwenye vilima vya majani chai juu ya Othaya, na kaka yangu ameketi ndani akicheza drafti, macho makavu, hajaonja pombe.

Nilikuwa mwanafunzi katika chuo kimoja mjini Nyeri. Somo lenyewe liliitwa fikra za ubunifu, ingawa sisi tuliliita dizaini tu. Mwalimu alitugawa katika vikundi na kila kikundi kikachukua tatizo la jamii, lile sugu, ambalo kila mtu ana maoni juu yake na hakuna mwenye dawa. Tulifundishwa kwenda kwa watu na kusikiliza kwanza. Kisha unalitaja tatizo upya, unabuni mawazo mengi bila kuyacheka, unachagua moja, unaliundia sampuli, yaani mfano wa majaribio wa bei nafuu, na kuijaribu na watu wale wale. Ukutani tulibandika vikaratasi vya kunata vya manjano na waridi mpaka darasa likaonekana kama limepambwa kwa harusi. Nililipenda somo lile. Nasema wazi, kwa sababu watu wakinisikia leo hudhani nililichukia tangu mwanzo.

Tulikuwa watatu. Kulikuwa na msichana wa Naro Moru, binti wa mpagazi aliyebeba mizigo ya watalii mlimani mpaka magoti yakagoma. Kulikuwa na kijana wa Majengo, Mwislamu wa hapo hapo Nyeri mjini, mpole, fundi wa kupika chai. Na kulikuwa na mimi, msichana mwenye mdomo. Tulichagua pombe. Wanasiasa wetu huipiga vita kila uchaguzi, wahubiri kila Jumapili, na Jumatatu baa zinafunguliwa kama kawaida. Wenzangu waliichagua kwa sababu ni tatizo kubwa. Mimi niliichagua kwa sababu ya kaka yangu.

Kaka yangu ndiye mtoto wa kiume wa pili nyumbani, kwa hivyo alirithi jina la babu mzaa mama, kama ilivyo kwetu. Ndiyo maana mama alimwita Baba. Utamsikia mama mzee anamwita mwanawe mlevi, "Baba, umekula?" na kwa sauti ile ungedhani anamwita mzee mwenye fimbo. Alikuwa amevuka thelathini, hana mke. Asubuhi alichuma majani kuliko mtu yeyote mlimani kwetu. Jioni aliletwa nyumbani akiwa ameshikwa mikono, huku anaomba msamaha kwa kila mtu njiani. Hakuwahi kumtukana mtu. Afadhali angetukana, tungejua pa kuanzia.

Tulipokwenda kusikiliza, vijana waliokaa nje ya baa walitupokea kwa adabu na kutupa majibu ya redioni. Ukosefu wa kazi. Serikali. Marafiki wabaya. Ukienda kwetu na kalamu mkononi utapewa kile ambacho watu wanadhani ulikijia, kwa sababu mgeni harudishwi mikono mitupu. Kaka yangu alisikiliza yote yale, akacheka, akatuvuta kando.

"Sikizeni," akasema. "Mimi nikishapeleka majani, karani apime, niende wapi? Kwa mami siwezi kaa, mimi si mtoto. Kwangu ni kitanda na baridi. Pale kwa baa kuko na moto, kuko na TV, kuko na watu. Lakini huwezi kalia kiti ya mwenyewe bure. Lazima ununue kitu. So unanunua."

Kijana wa Majengo aliuliza swali ambalo mimi nisingeliuliza hata kwa kulipwa. "Kwa nini huwezi kukaa kwa mama yako?"

Kaka yangu alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa kwa nini haendi kanisani bila suruali. Ikabidi nieleze mimi. Huku kwetu kijana akishatahiriwa hujengewa chumba chake kando, na jikoni kwa mama haketi tena. Anafika mlangoni, anapewa sahani, anakwenda zake. Akioa anapata jiko la mkewe. Asipooa, na siku hizi wengi hawaoi, anabaki mtu mzima asiye na moto wa kuota. Nilieleza haraka haraka, kama kitu kisicho na maana, kisha katikati ya sentensi nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Msichana wa Naro Moru alichukua kikaratasi cha manjano akaandika: Hana pa kuketi. Tulikibandika katikati ya ukuta, na vile vingine vyote tukavishusha.

Wazo lilitoka Majengo. Yule mwenzetu alisema kwao, baada ya sala ya alasiri, wazee na vijana huketi kwenye benchi nje ya nyumba na vikombe vidogo vya kahawa, wanabishana mpira na siasa mpaka magharibi, na hakuna anayeulizwa atanunua nini. Basi tukatafuta chumba. Mzee mmoja alikuwa na duka tupu karibu na kituo cha kupimia majani, akatuazima mpaka apate mpangaji. Kanisa likatupa mabenchi mabovu, tukayapigilia misumari. Tukaleta jiko la makaa, sufuria kubwa, redio, na ubao wa drafti wa kuchezea vifuniko vya soda.

"Hata hapa chupa zimetufuata," kaka yangu akasema alipoviona.

Siku za mwanzo alikuja kunitoa aibu tu. Wenzake walichungulia mlangoni, wakacheka, wakaenda zao baa. Yeye akabaki, akamfunga kijana wa Majengo drafti, akamfunga tena, kisha akaanza kumfundisha, kwa sababu ushindi ule haukuwa na raha. Kesho yake akarudi. Mikono ilimtetemeka, na kuna wakati alitoka nje akashika ukuta akatapika, halafu akarudi ndani akauliza ni zamu ya nani. Kabla ya muda mrefu ufunguo ulikuwa wake. Sisi tulipofika kutoka Nyeri tulikuta chai imechemka na chumba kimejaa, wanaume wazima wakigombania vifuniko vya Fanta kama watoto.

Mama alipita siku moja akitoka kusaga mahindi. Hakuingia, mwanamke wa rika lake angeingia kufanya nini? Alisimama ng'ambo ya barabara na gunia lake mgongoni, akatazama ndani. Jioni ile alikuwa akiimba jikoni, na mama yangu si mtu wa kuimba.

Kaka yangu alinenepa shingo. Akanyoa. Akarekebisha zizi la mbuzi lililokuwa limeinama tangu niko shule ya msingi. Akaniambia kuna dada mmoja anachuma shamba la jirani. "Ananisalimia vizuri," akasema. "Si ile salamu ya mlevi, ati ya kuharakisha. Anasimama."

Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Mwisho wa muhula ukafika, na siku ya kuonyesha kazi zetu mbele ya wageni. Kaka yangu alikuja mjini na koti la marehemu baba. Aliombwa aseme neno, akasimama, akakuna kichwa. "Mimi nimekaa pale ndani na hakuna mtu ameniuliza nitakunywa nini," akasema, akaketi. Ukumbi ulipiga makofi. Tulishika nafasi ya kwanza. Mwalimu alitusifu sana, kisha akasema maneno ambayo alikuwa ametufundisha tangu mwanzo, na ambayo mpaka siku ile niliyaona ya busara: msiipende sampuli yenu. Kazi yake ni kuwafundisha. Ikishawafundisha, iacheni.

Tukiwa nje kaka yangu akaniuliza, "Ati muache nini?"

Nikamweleza. Alitikisa kichwa taratibu, akatazama wanafunzi wakipiga picha. "Kumbe sisi tulikuwa mtihani," akasema, akacheka. Alikuwa anatania, na hakuwa anatania.

Yule mzee alipata mpangaji wa kuuza chakula cha mifugo. Simlaumu, alikuwa ametupa zaidi ya wengi. Lakini niliwaka moto kwa kila mtu mwingine. Nilikwenda kwa chifu, akasema niandike mradi niulete. Nilikwenda kanisani, wakatupa ukumbi kwa sharti kwamba vijana waanze kwa maombi na wajiunge na ushirika, na vijana hawakukanyaga. Nilikwenda kwa mwalimu. Alinisikiliza kwa upole, akasema muhula ujao kuna darasa jipya na matatizo mapya, na kwamba maumivu yangu yanaonyesha nimesikiliza vizuri. Nilitoka ofisini kwake kabla sijasema kitu cha kunifukuzisha chuo. Msichana wa Naro Moru alikuwa amepelekwa mafunzo ya kazini mbali. Kijana wa Majengo alipanda milima peke yake na sufuria yake, akapika kwenye veranda ya duka lile lile, mpaka mpangaji akamwomba kwa heshima aache, kwa sababu wateja waliona kundi la wanaume mlangoni wakageuza njia.

Kaka yangu akajaribu nyumbani. Aliweka benchi mbele ya chumba chake, akawaita. Walikuja, wakanywa chai ya mama upesi upesi, wakishika vikombe kwa mikono miwili kama wako matangani, wakashukuru, wasirudi tena. Ungetegemea nini? Hakuna mwanaume kwetu atakayekaa kutwa nyumbani kwa mama wa mwenzake akimmalizia sukari. Kaka yangu mwenyewe alitudokezea hilo mwanzoni kabisa, na mimi mwenyewe ndiye niliyelifafanua.

Alishikilia. Nataka ijulikane kwamba alishikilia. Alipeleka majani, akarudi, akajifungia chumbani na redio. Kisha mvua ndefu zikaja, na baada yake ile baridi yetu ya Julai, ukungu kuanzia asubuhi mpaka asubuhi, nguo hazikauki kwenye kamba. Nikampigia simu siku moja na nikajua kabla hajamaliza kunisalimia. Aliniamkia kwa heshima nyingi mno. Akaniomba msamaha, na sikuwa nimemuuliza kitu.

Wachumaji walimkuta asubuhi kwenye ukingo wa shamba, upande wa kwetu. Daktari alisema ni baridi, pamoja na kile alichokunywa. Alikuwa anarudi nyumbani. Alikuwa amekaribia kiasi kwamba mbwa wetu alimsikia, akabweka, mama akadhani ni fisi.

Wale wa drafti ndio waliochimba kaburi. Baadhi yao walikuwa wamelewa na hawakuona haya, na mimi sikuwaonea haya pia. Mwalimu alikuja, viatu vyake vikazama kwenye matope, akazungumza vizuri, akamwita kaka yangu mbunifu mwenzetu. Nilitamani kumpiga kwa bonge la udongo. Msichana wa Naro Moru alinishika mkono mpaka nikapoa. Namna ile ya kufanya kazi si uongo, hilo siwezi kulisema. Ilimsikia kaka yangu wakati sisi wa damu yake tulikuwa tumechoka kumsikia. Kinachonikereketa ni kwamba tulipatia. Kama tungekuwa tumekosea, kama chumba kile kisingefaa kitu, ningemlilia kama watu wanavyolilia ndugu zao na maisha yangeendelea. Lakini nilimwona ameketi pale. Nilimwona mzima.

Wageni walipokwisha kuondoka niliingia jikoni kwa mama. Alikuwa anapasua kuni ndogo ndogo zisizohitaji kupasuliwa. Akaanza kusema bila mimi kumuuliza. Jioni ile ya mwisho, mvua ikinyesha, kaka yangu alikuja mlangoni kuomba makaa ya kuwasha jiko lake. Makaa yalikuwa bado hayajashika. Mama akampa chai wakati wakisubiri. Akainywa pale pale mlangoni, amesimama, mabega yamelowa, anatazama moto. Akarudisha kikombe. Akasema, asante mami, wacha niende nijue kama kuna mtu ako na makaa. Na mama akajua anakwenda wapi, na yeye akajua mama amejua.

"Palikuwa na nafasi," mama akasema. "Hapo ulipokaa wewe. Nilikuwa nataka kumwambia, Baba, keti. Neno likanifika hapa." Akagusa koo. "Nikaona nitamvunjia heshima. Mtu mzima."

Nilimwambia ukweli, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa. Nilimwambia, "Mami, angekataa."

"Najua," akasema. "Lakini angekuwa ameambiwa."