Sidecar ya Saa Kumi

Miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nilikuwa natengeneza vinywaji vya kuchanganya katika baa ya hoteli moja katika mtaa wa wakubwa wa Rohero, ingawa mimi ni Mwislamu wa mtaa wa Buyenzi na sijawahi kuonja pombe. Mzee aliyenifundisha kazi, ambaye naye alifundishwa na Wabelgiji kabla ya uhuru, alisema hilo si tatizo. Nilijifunza kwa vipimo, kwa harufu na kwa mlio wa barafu ndani ya kopo la kutikisia. Alinifundisha pia historia ya kila kinywaji, kwani wateja walipenda kusimuliwa. Sidecar, kwa mfano, ni konyaki, pombe tamu ya machungwa na maji ya limau. Wanasema ilianza Paris baada ya vita kuu ya kwanza, kwa ajili ya ofisa aliyekuwa akiletwa baa amekaa katika kile kiti cha pembeni cha pikipiki kiitwacho hivyo. Waingereza nao wanadai ni ya London.

Kwa sababu ya amri ya kutotoka nje usiku, wateja walikuja mapema. Mmoja, mkubwa fulani wa wizara, alianza kufika saa kumi, akikaa mahali pa kuuona mlango. Siku ya kwanza nilimwekea Sidecar yake, akairudisha kwangu kwa kidole kimoja.

"Onja kwanza."

"Mi sikunywaka pombe, shefu. Niko Mwislamu."

"Barman gani asiyekunywa?"

Hakuwa akitania. Wiki hiyo mwenzake wa ofisini alikuwa amefariki baada ya chakula cha mchana, na watu walisema ni sumu. Neno moja tu kutoka kwake lingeweza kunimaliza. Nikamwambia apite nyuma ya kaunta achanganye mwenyewe.

Akapita. Alipovua koti niliona bastola kiunoni. Nikamwelekeza vipimo, akatikisa, akazidisha limau, akanywa hivyo hivyo huku uso umekunjamana.

Ikawa desturi yetu kwa miezi. Yeye alikagua vizibo vya chupa, mimi nilikagua mikono yake. Aliponiuliza ninakaa wapi, nilimtajia mtaa usio wangu.

Siku moja, baada ya kutengeneza yake, alikamua machungwa na limau katika glasi nyingine, akatia sukari na barafu, akanisogezea.

"Ya kwako. Apana pombe ndani."

Nilikuwa nimemwona akikamua. Ila kuna mara moja nilimpa mgongo nikichukua kitambaa.

"Asante, shefu. Nitakunywa baadaye."

Aliitazama glasi, akanitazama mimi. Kisha akaichukua, akanywa yote taratibu, akaiosha, akavaa koti.

"Sijakukasirikia," alisema, akatoka.

Hakurudi tena, baadaye nilisikia amehamishiwa Gitega. Lakini jioni ile ile, nilipofika nyumbani, mke wangu alinipa kikombe cha chai. Nikabaki nimekishika, nakitazama. Aliniona. Alikichukua, akanywa kidogo yeye kwanza, akanirudishia, nami nikashindwa kuinua macho.