Sauti Yangu kwenye Gari la Matangazo

Iko siku, mwanangu, niliyoomba niisahau, na Mungu hajaniitikia.

Nilikuwa kijana wa Kiranjeranje mwenye sauti nzuri, ndiye niliyetumwa kutangaza misiba. Mgombea mmoja akanipandisha kwenye gari la matangazo, akanipa karatasi. Imeandikwa kwamba wafugaji waliohamia kwetu wanalisha ng'ombe wao mihogo yetu makusudi, na maziwa yao yana ugonjwa. Nikaisoma kijiji kwa kijiji, siku tatu, kwa madaha.

Baba akaniuliza, "Hao ng'ombe kwenye mihogo umewaona?"

"Sikuwaona, baba. Imeandikwa."

"Na maziwa hayo, si ndiyo yaliyomlea mdogo wako, mama yako alipokosa ya kumnyonyesha?"

Kesho yake nikapanda gari tena. Ujana una masikio, ila husikia makofi tu.

Watu wakasema lisemwalo lipo. Methali hiyo, mwanangu, ilitutia upofu. Mama Kulwa, mfugaji aliyetuuzia maziwa mlango kwa mlango miaka sita, akawa anarudi na ndoo imejaa. Siku ya nne wanakijiji wakamchomea nyumba mchana kweupe. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini ndama walioungulia zizini niliwasikia.

Nilimkuta Mama Kulwa barabarani, amekalia mizigo yake.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia marahaba. Alisema, "Gari lilipopita nikawaambia wanangu, sauti hii naijua. Ni ya yule mtoto anayenipokea ndoo." Akageuza uso.

Wakahama, sikumwona tena. Mgombea akapata kura zake, naye hatukumwona tena. Na mihogo ikaendelea kuliwa. Walikuwa nguruwe pori.

Hadi leo wapo wanaonisifia sauti. Naona haya.

Nanyi nawaona mnasambaza klipu kwenye simu hata hamjazisikiliza mpaka mwisho. Usiniambie "nimetumiwa tu, babu". Hata mimi nilisoma tu. Ukiletewa neno la kukufanya umchukie jirani, nenda kwanza kwa huyo jirani, ukamwone kwa macho yako. Uliza nani kalituma, na anataka nini kwako. Ukikosa jibu, neno hilo lifie kwako, maana likishatoka halina wa kulirudisha.

Mungu akupe ulimi ulio mzito kudhuru wenzako. Akuepushe, mwanangu, na majuto ambayo mwenye kuombwa radhi keshaondoka. Amina.