Kahawa ya Marehemu Kosmas

Kosa ni langu, na nililifanya mchana kweupe. Ushirika wetu wa kahawa hapa Mbinga ulinipa kazi ya kuunganisha REST, njia ya mitambo kupeana taarifa, kwenye mfumo wake wa zamani wa kompyuta ulioandikwa kwa Java, ili simu za vituo vya vijijini ziongee na kompyuta ya ofisini. Kwa majaribio nilihitaji jina la mkulima. Nikachagua la marehemu mzee Kosmas wa Litembo, maana wafu hawalalamiki. Wiki nzima nikampokelea kahawa ya kubuni kwenye kompyuta.

Ijumaa, ukungu umeziba madirisha, mjane wake akaingia ofisini na simu ya marehemu, ambayo hajawahi kuizima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Baba yenu bado analeta kahawa. Simu inalia, ujumbe unasema mzigo wake umepokelewa, na shambani hata haijaiva. Padri amemsomea misa mara mbili, bado hatulii."

Meneja wetu, aliyekaa jirani nami, akafanya ishara ya msalaba. Nami nikafanya, kubwa kuliko yake. Fundi mzima, sikushtukia kitu!

Ili kuficha woga nikageukia kompyuta, nikaendelea na jaribio langu. Nikabonyeza.

Simu ikalia mkononi mwa mama. Meneja hakuitazama. Alikitazama kidole changu.